Kipande cha Keki Kwenye Jani la Mgomba

Kaanaeli alianza kuogopa asubuhi moja ya kiangazi, akimwogesha mwanawe nyuma ya nyumba. Kabla ya siku hiyo alikuwa mwoga wa kawaida kama sisi sote: aliogopa nyoka, ngurumo na mama mkwe. Alipitisha kidole kinywani mwa mtoto kumfuta utandu wa maziwa, na kidole kikakwaruzwa. Akakirudisha. Juu, kushoto kidogo, palikuwa na kitu kigumu kama punje ya mtama. Akapapasa chini: ufizi mtupu, laini. Akapapasa tena juu. Halafu akamfunika mtoto kwa kanga pamoja na povu lake, akaketi kwenye matope.

Wewe unayesoma leo utasema jino ni jino, hata likiota kisigino. Hukuzaliwa milima ya Upareni enzi zile. Mtoto aliyeotesha meno ya juu kabla ya yale ya chini aliitwa kigego, na kigego, walisema wazee, huja na mikosi yake: mvua hukata, ng'ombe hutupa mimba, na watu wa nyumba ile hufa mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo hakuachwa akue. Upande wa machweo, juu ya korongo, kulikuwa na jabali ambalo watu hawakulitaja mbele ya watoto. Kigego alipelekwa pale. Waliompeleka waliporudi walisema amekwenda kwa babu zake, wakanawa mikono, wakala.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyeshika nchi, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Same, alikwisha kulipiga marufuku jambo hilo barazani. Kanisani nako mchungaji alilihubiri mpaka akagonga mimbari kwa ngumi, na watu wote wakaitikia amina. Lakini ziko amina ambazo mtu huziitikia akiwa ameketi, na akisimama huziacha kwenye benchi. Marufuku ilibadili kitu kimoja tu: jambo likawa linafanywa kimya. Mtoto ulimwona jana mzima, leo ukaambiwa homa imemzidi, amezikwa. Nani angemfukua amtazame meno?

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana, jina lake Ruthi. Baba yake, Hezroni, alikuwa kibarua wa reli kule chini Same, na alipanda mlima mara chache. Kaanaeli alifikiri kumpelekea habari, akaacha. Hakujua mumewe angesimama upande gani, na swali usilojua jibu lake huliulizi ukiwa na mtoto mgongoni.

Katika ukoo ule, jino la kwanza halikutangazwa na mama. Mwenye kidole alikuwa bibi mzaa baba. Yeye ndiye aliyepapasa fizi, akasema "tayari", wanawake wakapiga vigelegele, na tangu hapo mtoto akahesabiwa kuwa mtu. Na bibi mzaa baba wa Ruthi alikuwa Nankondo, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na yote yenye ncha. Kidole chake kilikuwa kimepita vinywani mwa nusu ya watoto wa mlima ule. Kaanaeli alikuwa akikiota ndotoni, kidole peke yake, bila mkono.

Akaanza kumficha mtoto, na kumficha mtoto mlimani si sawa na kuficha sindano. Bahati nzuri, Kaanaeli alikuwa mpishi wa misheni. Alitoka alfajiri na Ruthi mgongoni, akarudi jua likizama, na kila alipoalikwa kwa mama mkwe alisema Mama Mchungaji ana kazi nyingi. Mama Mchungaji, mke Mzungu wa mchungaji, alisingiziwa kazi hata za siku ambazo alikuwa amelala na kichwa kinamuuma. Ndani ya jiko la misheni Kaanaeli alimpa mtoto kijiko kizuri cha wageni atafune, ili fizi za chini zipasuke upesi. Zilikuwa zimevimba kweli. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumaini yake yote: meno ya chini yachomoze kabla mtu yeyote hajaliona la juu, na baada ya hapo nani angejua lipi lilitangulia?

Kuna jambo moja lililomuuma kuliko yote. Ruthi alikuwa mtoto wa kucheka. Ukimpulizia shingoni tu, alifungua kinywa mpaka koromeo likaonekana. Basi mama yake akaacha kumpulizia. Akajifunza kumtazama mwanawe kwa uso mkavu mbele za watu, na mtoto akicheka mwenyewe, alimgeuza upesi kifuani. Ukimwona ungedhani hampendi.

Mambo yakawa hivyo mpaka matunda ya plamu yakaiva.

Miplamu ile ilipandwa nyuma ya kanisa na Wazungu wa kwanza wa misheni, na kila kiangazi iliinama kwa matunda, madogo, mekundu yanayoelekea weusi, yenye kokwa moja ndani. Nyuki walilewa chini yake. Mwaka ule ilitoka habari kwamba mchungaji mpya na mkewe wanakuja kwa gari la moshi. Mchungaji na Mama Mchungaji wakashuka Same kuwapokea, na kabla ya kushuka Mama Mchungaji akaacha agizo: wageni wakifika wakute keki ya plamu, masinia mawili.

Keki ile haikuwa keki ya kukoroga. Ilikuwa ya kukandwa kama mkate, unga wa ngano na siagi na mayai, iachwe iumuke, itandazwe kwenye sinia, kisha plamu zilizopasuliwa zipangwe juu yake safu kwa safu kama vigae. Na ili iumuke ilitaka hamira. Kopo la hamira la misheni lilikuwa tupu, na halikuwa mara ya kwanza. Kopo likiwa tupu, keki ya misheni iliumuka kwa mashapo ya dengelua, ile pombe ya miwa, kutoka kwenye kibuyu cha Nankondo. Mama Mchungaji, ambaye kila Alhamisi aliwafundisha wanawake ubaya wa dengelua, hakuwahi hata mara moja kuuliza keki yake hunyanyuliwa na nguvu za nani. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kaanaeli hakumwagizia mama mkwe kitu. Aliazimia kwamba keki ya mwaka ule itakuwa bapa, na wageni wakimcheka wamcheke. Kuchekwa hakujaua mtu. Akawasha kuni ndani ya tanuri la matofali lililokuwa uani, akaketi mlangoni mwa jiko kutoa kokwa za plamu, Ruthi mgongoni.

"Hodi humu," ilisema sauti.

Kisu kilimponyoka. Nankondo alikuwa amesimama uani, kibuyu kwapani, na nyuma yake alikuwa Ernesta, binti yake, wifi yake Kaanaeli, mwanamke ambaye mdomo wake haukuumbiwa kifuniko.

"Shikamoo, mama," alisema Kaanaeli, akisimama kwa namna ya kuuweka mgongo wake ukutani.

"Marahaba. Nimesikia mna wageni. Nikangoja uniletee kibuyu, hukuleta. Nikasema labda siku hizi keki huumuka kwa sala."

"Sikutaka kukusumbua, mama."

"Hujanisumbua muda mrefu," alisema Nankondo. "Ndilo linalonisumbua."

Ernesta akacheka. Kaanaeli naye akalazimisha kicheko, na kikatoka kibaya. Akapokea kibuyu, akamimina mashapo kwenye unga, akaanza kukanda kwa nguvu zote, akiomba kimoyomoyo kwamba wawili hawa waone kazi ilivyo nyingi waondoke. Lakini mama mkwe alikuwa ameshavuta kigoda. Unga ulifunikwa, ukaachwa uumuke, na wakati wote huo Nankondo aliketi pale, akipokea plamu moja moja na kuitoa kokwa kwa kucha ya kidole gumba. Kaanaeli hakuweza kuacha kukitazama kidole cha shahada kilicho kando yake.

"Mtoto wa jirani yetu Raheli ameanza kutafuna muwa," alisema Ernesta. "Na amezaliwa pamoja na wenu. Wenu meno bado tu?"

"Bado," alisema Kaanaeli.

"Mzee Mrindoko aliuliza juzi. Alisema, yule mjukuu wa Nankondo mbona hatumwoni?"

Mzee Mrindoko ndiye aliyekuwa, enzi za kabla ya marufuku, mwenye kazi ya jabali. Sasa alikuwa mzee wa kusuka vikapu tu, kila mtu alisema hivyo.  Kaanaeli alijaribu kupasua plamu, akapasua kidole chake. Akakinyonya, akaendelea. Hakuhisi maumivu yoyote.

"Mshushe mtoto," alisema Nankondo. "Utamchoma na moto huo ukianza kuoka."

"Amelala, mama."

"Halali. Ananitazama."

Kweli, Ruthi alikuwa ametoa kichwa ubavuni mwa mama yake na alikuwa akimkodolea macho bibi yake kama mtu anayekumbuka deni. Nankondo akanyoosha mikono. Hakuna mkwe duniani anayeweza kumnyima mama wa mumewe mjukuu wake aliyeombwa kwa mikono miwili. Kaanaeli akafungua kanga. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, fundo likachukua muda, na muda ule mfupi alifikiria mambo mengi: kuanguka chini kwa kusingizia kifafa, kumwaga maji ya moto, kukimbia. Hakufanya hata moja. Akamtoa mtoto.

Nankondo akampakata. Ruthi akaona plamu, akainyaka, akaisukuma kinywani, na maji mekundu yakamchuruzika mpaka kidevuni. Ernesta akasogea kutazama.

"Mtoe asije akapaliwa," alisema.

Nankondo akaitoa plamu. Akamfuta mtoto kidevu kwa upindo wa kanga yake. Halafu, bila kusema neno, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea, akaingiza kidole.

Kikapita chini, taratibu, kushoto kwenda kulia. Kikapanda juu. Kikasimama.

Kaanaeli alikuwa ameshika kisu na nusu ya plamu.  Nankondo aliinua macho, akamtazama mkwe wake usoni, muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Hakukuwa na chochote ambacho Kaanaeli aliweza kukisoma, na hilo lilimtisha kuliko hasira.

"Bado," alisema Nankondo, akichomoa kidole. "Fizi tupu."

"Atakuwa mtu wa uji huyu," alisema Ernesta, akarudi kwenye plamu zake.

Kaanaeli akachukua mtoto wake.  Alitandaza unga, akapanga matunda, akakomba makaa tanurini, akatupa konzi ya unga ndani kupima joto, na unga ukageuka kahawia bila kuungua, ndivyo inavyotakiwa. Akaingiza sinia la kwanza. Mikono iliyajua yote hayo. Kichwa chake kilikuwa mahali pengine, kikizunguka neno moja kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Kidole kile kilikuwa kimepita vinywani mwa nusu ya mlima. Kisingeweza kukosa. Kilisimama pale pale. Basi kwa nini aseme bado?

Jibu lilimjia sinia lilipokuwa likitoka, siagi inachemka ukingoni na plamu zimelegea, zimetoa maji mekundu juu ya keki yote. Nankondo amesema bado kwa sababu ya Ernesta. Ernesta angelipeleka jambo kisimani kabla jua halijazama, na kutoka kisimani lingeshuka hadi kwa Bwana Shauri. Siku hizi jambo hufanywa kimya. Mtoto mwenye "fizi tupu" akifa kwa homa, nani atauliza?

"Nikatie kipande," alisema Nankondo.

"Bado ya moto, mama."

"Nikatie hivyo hivyo. Unifungie kwenye jani la mgomba. Si ya kula mimi."

Kaanaeli akakata, akafunga. Nankondo akampa Ernesta kibuyu kitupu, akamwambia atangulie nyumbani akawape mbuzi majani. Ernesta akashika njia ya kawaida. Nankondo akangoja mpaka amepotea kwenye migomba. Halafu yeye akageuka na kushika njia ya machweo.

Njia ya machweo ilikuwa na nyumba moja tu, ya Mzee Mrindoko. Ukiipita, njia haikuwa na pengine pa kwenda ila kwenye jabali.

Sinia la pili lilikuwa limeingia tanurini wakati huo huo. Kaanaeli alisimama nalo mbele yake bila kuliona. Angekimbilia Same, lakini njia ya Same ilipita uani kwa mama mkwe, na chini ulikuwa uwanda mtupu ambako mwanamke aliyebeba mtoto huonekana kutoka mbali. Angekaa, na kukaa ni kungoja wamfuate. Uoga una tabia moja ya ajabu: ukizidi kipimo hukusukuma ule ule upande unaouogopa. Akamfunga Ruthi mgongoni, akakaza kanga mara mbili, akamfuata mama mkwe.

Alikwenda kwa kujificha, akishika kingo za mashamba, akavuka mfereji wa maji bila kukunja nguo. Mbele yake kanga ya Nankondo ilionekana na kupotea. Kila jani lililokauka lilipovunjika chini ya mguu wake aliinama. Ruthi, akidhani ni mchezo, alianza kuguna kwa furaha, na Kaanaeli akamrudishia mkono nyuma ukamfunika kinywa, taratibu, akichukia mkono wake mwenyewe.

Mzee Mrindoko alikuwa ameketi nje, kikapu kati ya magoti. Nankondo akasimama mbele yake. Kaanaeli alikuwa mbali mno asisikie kitu, lakini aliona. Aliona mzee akiinua fimbo yake na kuielekeza misheni, kule ambako yeye na mtoto walitakiwa kuwa. Akaona Nankondo akitazama huko, akitikisa kichwa kukubali. Akaona mzee akirudia kikapu chake kama mtu ambaye shauri lake limekwisha. Na Nankondo akaendelea na njia, kuelekea jabalini, na kile kipande cha keki mkononi.

Wamekubaliana, aliwaza Kaanaeli. Anatangulia kutengeneza mahali. Na keki ni ya kumnyamazishia.

Hapo ndipo angeweza kurudi. Mimi ningerudi. Yeye alizunguka nyumba ya mzee kwa kutambaa kwenye majani ya viazi, akatokea juu ya korongo, akajificha nyuma ya kichaka, roho mkononi.

Jabali lilikuwa kitu cha kawaida. Hilo lilimshangaza. Jiwe pana, lenye kuvu la kijivu, na ukingo wake ukikatika ghafla. Chini sana kulikuwa na miti, na mbele zaidi uwanda wa Same na mstari mwembamba wa reli. Nankondo alikuwa ameketi juu yake, miguu imenyooshwa mbele kama mwanamke aliyeketi na mtoto. Alifungua jani pajani. Akamega keki, kipande kidogo. Akakitia kinywani, akakitafuna, akakitafuna sana mpaka kikalainika, lakini hakukimeza. Akakitoa kwa vidole viwili na kukiweka juu ya jiwe. Akamega kingine.

Hivyo ndivyo akina mama wa mlimani walivyowatafunia watoto wasio na meno ya kutosha. Kaanaeli aliyajua mambo hayo. Alimfanyia Ruthi vile vile kila siku. Alisimama nyuma ya kichaka akitazama vile vipande laini vikipangwa kwenye jiwe, kimoja baada ya kingine, na hofu yake, ambayo tangu asubuhi ilijua wapi pa kuelekea, ikapotea njia.

Ruthi akapiga kelele, moja, ya kumwita bibi.

Nankondo hakugeuka. "Njoo uketi huku kivulini," alisema. "Jua hilo kali kwa mtoto."

Kaanaeli akatoka. Hakukaribia ukingo. "Mama, usimchukue," alisema. "Nakuomba. Nitaondoka naye, hamtatuona tena. Usimchukue."

"Nimchukue nimpeleke wapi? Mimi na miguu hii?"

"Umezungumza na Mzee Mrindoko. Nimewaona. Ameonyesha misheni."

"Ameniuliza ule moshi mweusi ni wa nini," alisema Nankondo. "Nikamwambia ni keki ya mkwe wangu inaungua."

Kaanaeli akageuka. Kweli, juu ya misheni moshi ulikuwa umepanda wima, mnene, unaonekana mlima mzima.  Akaketi pale pale alipokuwa, na ndipo akaanza kulia, kilio kibaya cha kamasi, cha mtu aliyejizuia tangu mwandamo uliopita.

Nankondo alimwacha alie. Aliendelea na kazi yake mpaka jani likawa tupu.

"Alikuwa wa kiume," alisema baadaye. "Kabla ya Hezroni. Wangu wa kwanza."

Kaanaeli akafuta uso.

"Alikuwa anacheka sana. Ukimgusa tu hapa, kwapani. Ndivyo walivyomwona. Mimi nilikuwa namchekesha mbele za watu, nikiona fahari." Alikunja jani mara mbili, akalishika. "Nawe ulipoacha kumchekesha huyu, nikajua. Siku ile ile. Nikakungoja uje uniambie, hukuja. Nikasema, ananiogopa. Ana haki."

Mwenye kovu usidhani amepoa. Kaanaeli alimtazama mwanamke huyu aliyemwogopa miaka yote ya ndoa yake, akaona mikono yake imetapakaa maji mekundu ya plamu hadi kwenye viungo, na haikuwa imetulia. 

"Ernesta hajui," alisema Nankondo. "Hezroni hajui. Wasijue. Ya chini yamefika ngozini, nimeyagusa, hayana siku nyingi. Mpaka hapo, mdomo wako kaburi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sasa mchekeshe."

"Mama?"

"Mchekeshe mtoto. Hapa hakuna mtu."

Kaanaeli akamshusha Ruthi mgongoni. Alijaribu. Akapeleka mdomo shingoni mwa mtoto apulize, na pumzi ikakataa. Alikuwa amejifunza uso mkavu vizuri mno. Basi Nankondo akajikokota akaja, akanyoosha kile kidole cha kutisha, akamgusa mjukuu wake kwapani. Ruthi akacheka. Alicheka kinywa wazi, jino moja juu, mate mekundu yanadondoka, na kicheko chake kikavuka korongo, kikagonga upande wa pili, kikarudi. Wanawake wawili walikisikiliza wakiwa wameshikana mikono kwa nguvu, wakiogopa, maana sauti husafiri mlimani na Mzee Mrindoko hakuwa kiziwi.

Wageni walipofika walikuta sinia moja la keki na jingine la mkaa. Mama Mchungaji alisikitika sana, akamsema Kaanaeli mbele ya wageni, naye akapokea maneno yale kwa uso wa furaha mpaka Mama akadhani ana homa.

Meno ya chini yalitoka plamu zikingali mtini, mawili kwa pamoja. Nankondo aliita wanawake, akampakata mtoto, akaweka kidole gumba juu ya mdomo wa juu kana kwamba anamfuta kamasi, na kwa mkono wa pili akaonyesha ya chini. "Tayari," alisema. Ernesta akainama, akatazama, akasema anaona kama kuna kitu na huku juu. Mama yake akamwuliza unaona nini. Akauliza kwa sauti ya chini tu. Ernesta akamtazama mama yake usoni, akakumbuka ghafla kwamba haoni kitu, na ndiye aliyeanza vigelegele. Kaanaeli hakupumua vizuri mpaka safu zote mbili zilipojaa.

Tangu mwaka ule, plamu zikiiva, Nankondo alileta kibuyu bila kuagizwa, na akaondoka na kipande kwenye jani la mgomba. Hakuna aliyemwuliza. Alipozeeka akawa hawezi njia, alimtazama mkwe wake tu, na Kaanaeli akachukua jani akaenda yeye. Na alipokufa Nankondo, Kaanaeli aliendelea kwenda. Hata siku hizo alitazama nyuma kila baada ya hatua chache, ingawa Mzee Mrindoko alikuwa amekufa zamani na nyumba yake ilikuwa imebaki ua wa miba tu.

Ruthi akakua, akasoma, akawa mwalimu kule Usangi. Alikuwa na kicheko kikubwa kilichowaudhi wazee kanisani. Kiangazi kimoja, wakati ambapo vijana hawakuzungumza lolote ila uhuru, alikuja likizo na mtoto wake wa kwanza mgongoni, akamkuta mama yake jikoni ametoa sinia tanurini. Mama alikata kipande, akakifungia jani, akashika njia ya machweo, na safari hii Ruthi akamfuata mpaka mwisho. Akasimama kando ya kichaka. Akamwona mama yake ameketi kwenye jiwe, miguu mbele, akimega keki, akiitafuna, akiitoa na kuiweka chini.

"Mama," alisema Ruthi, "unamtafunia nani?"

Kaanaeli aliruka kwa hofu, ile ile ya zamani, mpaka alipoona ni nani. Akamega kipande kingine.

"Baba yako mkubwa," alisema. "Hana meno ya chini."